Miguu ya Mama Inavimba, Watu wa Utafiti Wanasema Hana Tatizo

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Kyela hii ni ndogo na watu wana kipaji cha kuunganisha mambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Bondeni. Mama yangu mzazi anaishi kijijini upande wa Itungi, analima mpunga na ana miti yake michache ya kakao. Ana presha ya muda mrefu. Ninachoandika kinaninyima amani, na wa kunicheka mnicheke tu.

Mwaka jana ulikuja mradi wa kujaribu dawa mpya ya presha. Walituita kanisani wakaeleza kwamba dawa ni bure, vipimo ni bure, na mtu akitaka kutoka anatoka wakati wowote. Mama akaingia. Mdogo wangu, nimwite Tumpe, akapata kazi humo humo ya kupima watu presha na kuwatafsiria wazee wasiojua Kiswahili vizuri. Nyumbani tulishangilia sana. Mama alianza kumwita Tumpe daktari, na Tumpe wala hakumkatalia.

Ilipita miezi kadhaa, miguu ya mama ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Tena moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu anapepeta mchele. Nikampeleka zahanati, muuguzi alipojua anatumia dawa za mradi akarudi nyuma. "Huyu ni wa utafiti, dada. Sisi hatumbadilishii dawa. Mrudishe kwa wenyewe."

Basi gari la mradi lilipokuja kijijini, nikaenda nikakaa pale pale. Akashuka daktari kijana na kishikwambi chake, koti lina nembo ya kampuni ya dawa mgongoni. Sasa kwetu mgeni akija mnasalimiana kwanza mpaka mridhike, na mtu mzima hamlilii mgeni shida, hasa mgeni aliyekuja na kitu mkononi.

Akamsalimia mama kwa Kinyakyusa, "Mwagonile mama! Dawa inakukubali?"

"Inanikubali mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

"Hakuna tatizo lolote?"

"Tatizo gani tena? Namshukuru Mungu na ninyi."

Akabonyeza bonyeza kishikwambi chake, kamaliza. Nikaingilia, "Mama, muoneshe miguu." Mama akavuta kanga akafunika miguu, akanifinya paja, mimi mtu mzima na watoto wangu. Kijana akacheka, akasema joto la Kyela linamvimbisha hata yeye. Hakuinama kutazama.

Alipoondoka nilikipata cha moto kwa mama. "Mtu ametoka mbali kukuletea dawa, wewe unamwambia dawa yako mbaya? Nani alikulea hivyo, gwe?" Mama simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Namlaumu yule kijana. Amezunguka vijiji vyetu vya kutosha, anajua kabisa mzee wa huku ukimuuliza hivyo atakujibu hivyo. Mimi naona jibu lile linamfaa.

Nikambana Tumpe. Mwanzoni alinikwepa, mwisho akasema, "Dada, usilishupalie hili. Unamkumbuka yule mzee jirani yake mama, aliyelalamika kizunguzungu?" Namkumbuka. Gari liliacha kusimama kwake. Ilisemekana kavunja masharti, kachanganya dawa na mitishamba.

"Na kweli alichanganya?"

"Mimi sikumuona akichanganya," akasema, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Halafu wakatuita mjini ukumbini kusikiliza majibu ya awali. Daktari wao mkubwa akatangaza kwamba wote waliokamilisha dawa mpaka mwisho wa kipindi cha kwanza wako salama. Makofi yakapigwa. Mimi namtafuta yule mzee yuko wapi kwenye hesabu hiyo, maana alitolewa kabla hajakamilisha. Ukimtoa kila anayelalamika, anabaki nani wa kulalamika? Nikanyoosha mkono. Wakasema maswali yatapokelewa wakati wa chakula. Likaja pilau, na maswali yakaishia hapo.

Tulipotoka nikamuuliza Tumpe nani anamlipa yule daktari mkubwa. "Kampuni." Na wanaozunguka kuhoji wagonjwa? "Kampuni." Na lile pilau? Akanigeukia kwa hasira, machozi yanamlenga. "Na mimi pia, dada. Umeridhika?"

Sijaridhika. Yaani mwenye kuuza dawa ndiye anayewalipa wanaouliza kama dawa yake inaumiza watu! Inawezekana mimi ndiye mwenye roho ya kushuku, na presha ya mama imeshuka kweli, hilo sikatai. Lakini miguu je? Mbona hakuna anayetaka kuiona?

Sasa wamemchagua mama. Wiki ijayo wanakuja kumrekodi video akishuhudia kwamba dawa ni nzuri, wakawaoneshe watu wa mikoa mingine. Mama ana furaha kama bibi harusi. Jana kaniletea kitenge nimshonee gauni la siku hiyo. Nilipokuwa nampima urefu akaniambia taratibu, "Lishushe mpaka chini kabisa mwanangu, hii miguu isionekane, watasema sina shukrani." Nikatoka nje kulia.

Nikipiga kelele kwa wakubwa, Tumpe atafukuzwa kazi, mama atakosa dawa na ataniona nimemuaibisha mbele ya wageni wake. Kumwachisha dawa mwenyewe naogopa, presha ikipanda nitamjibu nini Mungu? Nikinyamaza ataendelea kumeza huku anavimba, na kuna mama wa mtu mwingine huko atameza kwa sababu alimsikia mama yangu. Kitenge nimeshakikata, kushona nimeshindwa. Ndugu zangu, ungekuwa ni mama yako ungefanya nini? Nishaurini, muda wenyewe umebaki mdogo.