Picha Iliyonifanya Mtoto

Nina miaka thelathini na moja, ndevu zimejaa kidevu, nina duka langu la mabati hapa Juba. Lakini kuna asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa mimi ni mtoto mdogo, nikakamue ng'ombe.

Usicheke kwanza.

Nilikuwa namtaka Nyabuom. Na yeye alikuwa ananitaka, hilo halina ubishi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Puok, kule Akobo. Alikuwa hajawahi kuniona hata siku moja.

Akasema, "Nitumieni sura yake kwanza. Nikiridhika ndiyo tutaongea habari za ng'ombe wa mahari."

Nikamwita rafiki yangu Ladu, mpiga picha. Ladu ni wa kabila la Wabari, wenyeji wa hapa Juba, mtoto wa mjini, mdomo wake haupumziki. Alifika magharibi, jenereta limezima, ndani tuna taa moja ndogo ya sola.

"Hapa giza, bwana. Tungoje asubuhi," nikamwambia.

"Wewe kaa hapo, nyoosha shingo. Hii kamera inaona kama paka."

Akaipandisha nguvu ya kuona gizani mpaka mwisho, akapiga. Tukaangalia.

Aisee! Picha nzima chenga tupu. Ungedhani nimemwagiwa unga wa mtama usoni.

"Tulia, chenga zinafutika," akasema.

Akafungua kompyuta yake. Kuna kidude cha kufutia chenga, unakivuta kidogo kidogo huku unaangalia. Ladu akakivuta mpaka kikagota. Mimi nilikuwa nje nagombana na jenereta. Akamtumia mzee palepale, maana mtandao wa Akobo ukipatikana huwezi kuuchezea.

Asubuhi, simu.

"Wewe ndiye Biel?"

"Ndiyo, baba. Habari za huko?"

"Mama yako yupo hapo?"

"Yupo, baba."

"Mpe simu. Mimi siongei mambo ya ndoa na watoto."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa. Mmoja akapaza sauti, "Mwambie aje! Ng'ombe wamejaa maziwa, hatuna wa kuwakamua!"

Nikafungua ile picha. Daah! Uso laini kama yai lililomenywa. Mistari yangu sita ya kwenye paji la uso, ile niliyochanjwa nimelala chali bila kupepesa jicho, hakuna hata mmoja!

Kwetu sisi Wanuer huo si urembo. Ukishachanjwa umekuwa mwanaume, na chuchu ya ng'ombe huigusi tena. Kukamua ni kazi ya wanawake na watoto. Vijana wengi wa siku hizi hawachanjwi, lakini nenda wewe kamweleze Mzee Puok.

Nikamkimbilia Ladu. "Umenifuta uanaume wangu!"

Akaitazama picha, akajikuna. "Duh. Kaka, hii programu haijui chenga ni ipi na kovu ni lipi. Ikikuta kitu chembamba kwenye giza inajua ni uchafu. Nilitakiwa kuvuta kidogo tu, mimi nikavuta mpaka mwisho."

"Irudishe sasa hivi!"

"Ile ya kwanza ipo. Ila na chenga zake."

Tukatuma hiyohiyo. Mistari ilionekana, imefifia humo ndani, lakini ilionekana. Nikashusha pumzi.

Jibu la mzee likaja mchana. "Jana hakuwa nayo, leo anayo. Siku hizi mnachanja kwa kompyuta? Duop wa hapa jirani keshakuja mara mbili kwa miguu yake."

Hapo nikaogopa kweli. Nyabuom akanipigia analia. "Biel, nenda. Mimi huyo Duop simtaki, lakini baba mkubwa akishasema, amesema."

Nikapanda ndege ya mizigo ya Akobo, nimekaa juu ya magunia ya mtama.

Boma zima lilikuwa linanisubiri. Shangazi yake Nyabuom, Nyadak, akanijia na kibuyu mkononi, adabu zote.

"Karibu, mwanangu. Anza na yule mwekundu, hana mateke."

Ukikipokea kile kibuyu, umekwisha. Nikaficha mikono nyuma, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Puok, nikapiga magoti.

"Baba, hesabu mwenyewe."

Akapitisha kidole kwenye paji langu, mstari kwa mstari. Alipomaliza akarudia tena kuanzia juu, na mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Mara mzee akaangua kicheko, meno yote nje.

"Mwanangu, nina mjukuu Nairobi. Ananitumia picha ameota masikio ya sungura. Unadhani sijui simu zinavyodanganya?"

"Kumbe ulijua?"

"Tangu ile ya kwanza. Nilitaka nione kama utakuja, au utanitumia ya tatu."

Nilitamani kukasirika, nikashindwa. "Kwa hiyo Nyabuom ni wangu, baba?"

"Ni wako. Duop hajaja kuoa, anakuja kuazima shoka." Akajiweka vizuri kwenye kigoda. "Sasa, ng'ombe. Ile picha laini nilipoiona nilimwambia Nyadak, huyu mtoto tumhurumie, tumpunguzie."

"Asante sana, baba! Mungu akuba..."

"Ngoja. Nimehesabu kwa kidole changu mwenyewe. Mwanaume wa mistari sita simpunguzii hata ndama."

Shangazi Nyadak alicheka mpaka akaketi chini na kibuyu chake.

Nyabuom yupo nyumbani, ndiye anayesoma hii kabla sijaibandika. Funzo langu ni hili: ukipiga picha gizani, futa chenga kidogo tu, nyingine ziache, huenda ndizo wewe. Na kama picha inakwenda kwa wakwe, ahirisha. Nenda mwenyewe mchana kweupe, uwaambie umekuja tu kukamua ng'ombe, uone mahari itakavyoshuka.