Aliyeniita Tasa

Sijamsamehe mama mkwe wangu wa kwanza, wala sijaona sababu ya kufanya hivyo. Nitasimulia kwa utaratibu, nisije nikamzidishia hata neno moja.

Katika miaka ya tisini nilifundisha mjini Garissa, nikiwa nimeolewa na mwana wa wafugaji wa ng'ombe wa Ijara. Hedhi yangu ilipita miezi bila kuonekana, na nywele zikaniota kidevuni. Daktari wa Nairobi alinipiga picha ya tumbo, akanionyesha vifuko vidogo kwenye ovari. Alinieleza kwamba havikuwa usaha wala uvimbe wa kukatwa, bali mayai yaliyokwama kabla ya kukomaa kwa kuwa homoni zimevurugika. Wanene hupatwa, na wembamba pia. Wengi huzaa, wengine kwa msaada wa vidonge.

Nilipoyaeleza hayo nyumbani, mama mkwe alishika neno moja tu: vifuko. Kwao, mnyama akivimba huchomwa kwa kijiti chenye moto, ugonjwa utoke. Alimleta mchomaji yuleyule wa mifugo. Mume wangu akajikumbusha kwamba ana shughuli sokoni. Nilishikwa mikono, nikachomwa chini ya kitovu.

Hedhi haikurudi. Kwenye sherehe ya hina ya jirani, mbele ya wanawake wa mtaa, mama mkwe akatangaza kwamba mimi ni tasa, hata moto haukunifaa. "Ndevu anazo," akasema, "bado kumnunulia kikoi." Walicheka hadi wakafuta machozi. Talaka ilifuata.

Niliolewa na mwalimu mwenzangu, nikameza vidonge nilivyoandikiwa, nikazaa binti. Nilikuwa bado ndani ya arobaini yangu mama mkwe yule alipobisha hodi. Binti yake wa mwisho, aliyekwisha kuposwa, alikuwa hapati hedhi. Alitaka jina la daktari. Hakujua kwamba msichana alikwisha kunijia kwa siri, nami nikampeleka kwa daktari huyohuyo. Sikumwambia. Nilimkaribisha chai, nikamwacha aimalize.

"Eddo," nikamwambia, kama tunavyowaita mama wakwe kwa heshima, "mbona hukumwita mchomaji?"

Akatazama kikombe. "Yule ni mwanangu."

Jibu hilo liliniondolea huruma yote niliyokuwa nimebakiwa nayo. Nilimwambia jina atalipata siku ya kutoka kwangu arobaini, wanawake wakishakusanyika, naye akishasema mbele yao aliyonitendea.

Alikuja. Niliwaalika wote waliocheka siku ile. Udi ulipokwisha kuzungushwa, alisimama, akajifunika shungi hadi karibu na macho.

"Nilimwita tasa," akasema kwa sauti ndogo. "Nikamchoma, wala sikujua ugonjwa wenyewe ni nini."

Hakuna aliyecheka. Nilimhamishia mtoto titi la pili, bila haraka.

"Rudia, Eddo," nikasema. "Walioketi nyuma hawakusikia."

Akarudia.