Waso Moja Tu

Mate mekundu ya tambuu yalitua kwenye ngazi aliyoisugua asubuhi ile ile, na U Kyaw Dun, mpiga hesabu za kalenda ya mji, akakunja uso. Mgeni wake, U Po Lun mwenye mashine ya mpunga, hakujali. Alipangusa midomo kwa kiganja, kisha kwa kiganja hicho hicho akamkabidhi chungu cha samaki wa kuchacha.

"Mwalimu, kwenye kalenda ya mwaka huu tutilie Waso mbili, mwezi huo urudiwe."

"Haziwekwi kama chumvi, bwana. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Upungufu hujikusanya mwaka hadi mwaka, ukifika mwezi mzima ndipo Waso inarudiwa. Mwaka huu haujafika."

"Bado kiasi gani ufike?"

"Kidogo."

"Sasa kidogo nacho ni kitu? Acha ubahili, mzee mwenzangu! Nani atajua?"

Hilo ndilo lililomchukiza zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Mji mzima, hata watawa, ulifuata hesabu yake. Mwezi wa Waso ukiwa mpevu, watawa huanza Mfungo wa Mvua, na kwa miezi mitatu hakuna anayeoa. Maung Tha Zan, mtoto wa U Po Lun, angepata ruhusa melini mwezi unaofuata Waso tu, kisha arudi baharini kwa miaka. Waso ikirudiwa, Mfungo ungesogea mwezi mmoja mbele, naye angewahi kuoa. Isiporudiwa, U Po Lun alisema wazi, mama wa kijana angemtafutia mchumba mwingine huko huko bandarini.

Na bibi harusi alikuwa Ma Hnin Si, binti wa U Kyaw Dun mwenyewe.

Mgeni alipoondoka, binti alitoka jikoni macho yamemvimba.

"Baba, hebu rudia. Labda umekosea."

"Sijakosea, mwanangu."

"Rudia tu, Baba. Kwa ajili yangu."

Akarudia. Akafuta ubao, akarudia tena, chaki ikimwingia puani. Jibu lilikuwa lile lile. Mara ya mwisho alishtuka kuona mkono wake umeongeza tarakimu pembeni, polepole, kama mkono wa mwizi. Aliutazama ule mkono kwa chuki. Yeye, aliyemsonya U Po Lun moyoni siku nzima! Akaufuta ubao kwa mate, akaenda kwa mkuu wa watawa kabla moyo haujamgeuka, akamwambia: Waso ni moja.

Siku ya mwezi mpevu mji wote uliandamana kwenda kwa watawa na maua. Mbele kabisa alitangulia U Po Lun, amebeba sinia la kanzu za watawa, kubwa kuliko masinia yote, uso umejaa utakatifu. Tambuu alikuwa ameificha shavuni.

"Mwalimu!" alimwita kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hesabu yako safi!"

U Kyaw Dun akageuza uso. Angefungua mdomo, angemtemea.

Ma Hnin Si alikuwa kando ya baba yake, maua mkononi. Mwezi ulikuwa umepanda juu ya paa la nyumba ya watawa, mviringo, mweupe. Binti aliutazama.

"Mwezi ujao utajaa vile vile, Baba," alisema. "Ule ndio ungekuwa wa harusi yangu."

Akampa maua, akarudi nyumbani peke yake.