Kompyuta ya Kaka, na Ule Mchezo

Niliondoka nyumbani asubuhi bila kumuaga mtu, begi mgongoni, na sikuwa nimepanga kwenda popote. Watu hawaamini nikiwaambia hivyo, kwa sababu ndani ya begi mlikuwa na vitu viwili ambavyo familia nzima ilikuwa inasubiri nivitolee neno. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliamka, nikaviona kando ya godoro, nikavibeba.

Kaka yangu alikuwa amefariki kwa ugonjwa uliomchukua haraka. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta huko Birere, mjini Goma, na dada yetu mdogo alifanya kazi naye tangu amalize shule. Siku iliyotangulia tulikuwa tumeondoa matanga. Baba mkubwa, ndugu wa baba yetu, alitandika mkeka uani na kupanga vitu vya marehemu. Mashati yalikwisha upesi. Viatu vilipata mguu wa binamu mmoja. Mwisho vikabaki vitu viwili ambavyo hakuna aliyevigusa, kwa kuwa vilikuwa vyetu, mimi na dada, na mimi kama mkubwa ndiye ningechagua kwanza.

Kimoja kilikuwa mchezo wa mkononi, kioo katikati na vitufe kila upande. Kaka aliucheza wateja walipopungua. Kingine kilikuwa kompyuta yake ya kazi, aliyoletewa na rafiki anayeishi Ulaya. Kompyuta hiyo imetengenezwa ili ifunguliwe. Vipande vyenye matundu ya waya unavichomoa kwa kidole kama droo ndogo. Kibodi inanyanyuka yote, na chini yake kila kipande kimeandikwa jina lake, kinangoja kutolewa na kurudishwa.

Kwetu, anayepokea chombo cha kazi cha marehemu anapokea na mahali pake. Aliyechukua jembe la babu ndiye aliyelima shamba la babu. Kwa hiyo mwenye kompyuta angekaa kwenye kiti cha Birere na kulala katika chumba cha kaka, ambamo mimi nilikuwa nimelala wakati wote wa matanga. Kama ningekuwa mimi, dada angepelekwa Butembo kuuza vitenge dukani kwa shangazi. Hilo lilikwisha semwa.

"Huwezi kubeba mashini ukaacha kiti," baba mkubwa aliniambia. "Chagua. Kesho uniambie."

Dada alikuwa anaosha sahani. Hakuinua kichwa.

Kompyuta niliitaka. Kiti sikukitaka. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufungua vitu na kuondoka: redio, saa za ukutani, pampu ya maji ya mapadri fulani huko Masisi. Nimechoma matofali, nimepakia makaa Sake, nimelinda boti za watu upande wa ziwa la Lac Vert. Mchezo haukunivuta. Umegandishwa na gundi, ukiulazimisha unapasuka. Nilivitazama vyote viwili nikingoja moyo useme kitu, na moyo haukusema. Tangu mazishi ulikuwa hivyo, kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi.

Nilifuata barabara ya kaskazini kwa miguu, kisha pikipiki ikanifikisha Kibati. Mlima wa volkano ulikuwa umefunikwa na mawingu. Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, nikatoa kompyuta, nikaanza kuifungua. Simu ikalia. Alikuwa dada, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, uko wapi?"

"Kibati."

"Unafanya nini Kibati? Muzee anasema umebeba vyote mbili."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu, ukivuka mlango wa nyumba ya matanga na kitu cha marehemu, umekwisha kukichukua. Hakuna kutembea nacho kwanza ufikiri. Kwao, nilikuwa nimejipa kompyuta na mchezo, na dada nimemwachia mkeka.

"Niko nafikiri tu," nikasema.

"Fikiri ukikaa hapo hapo. Usiende mbele. Ninakuya."

Alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaviona vipande vimepangwa kwenye benchi.

"Umeifungua."

"Naangalia tu."

"Hata kwa matanga wewe unaangalia tu. Siku utakufa, utafungua sanduku uone misumari yake."

Mama wa chai akacheka, kisha akalikumbuka neno matanga, akaacha.

Dada alikaa, akaanza kurudisha vipande. Aliifanya kazi hiyo bila kuitazama sana, huku anapuliza vumbi.

"Unaitaka?" nikamuuliza.

"Muzee amekuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe."

Akabandika kibodi, ikashika. "Yaya, kule Birere kuna simu za watu ziko wazi juu ya meza. Kaka aliziacha vile. Nani atazifunga?"

"Zifunge wewe."

Alifuta kioo kwa kitenge. "Watasema kaka amekufa, wewe ukaenda kucheza."

"Waseme."

"Watasema mbele ya watu. Na chumba hautalala tena."

"Najua."

"Unajua ao unajibu tu?"

Nilipiga funda la chai. Nilikuwa nimedhani nitasikia uzito ukishuka, au uzito ukipanda, lakini nilisikia chai ya moto mdomoni, basi. Alifunga kompyuta ndani ya kitenge, akaikumbatia tumboni, akapanda pikipiki. Kabla haijaondoka aligeuka.

"Kula kitu," akasema.

Mimi sikurudi. Lori lililokuwa linapeleka makreti matupu ya bia upande wa Bunagana lilisimama kupoza injini, dereva akaniuliza kama nina haraka, nikasema hapana, akanifungulia mlango. Njiani niliwasha mchezo. Mtu mdogo alikimbia, akaanguka shimoni, akarudishwa mwanzo, akakimbia tena. Nilimkimbiza mpaka kioo kikazimika, na sikumbuki kama nilifurahi.

Tulikuwa tumekwisha kupita Rutshuru baba mkubwa alipopiga.

"Mashini imerudi," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Basi kiti ni cha mutoto mwanamuke."

"Ndiyo, papa. Anakiweza."

"Sikukuuliza hilo." Akapumua. "Wewe ndiye ulichagua. Kesho usituambie hukujua."

"Sitasema."

Akakata.

Bunagana sikuwa nimewahi kufika. Malori yalikuwa yamepanga mstari mbele ya forodha, madereva wanakula ndizi za kuchoma wamesimama, na ng'ambo ya kizuizi Uganda ilikuwa kilima cha kawaida chenye nyumba. Nyuma ya wabadilishaji fedha niliona mlango ulioandikwa vyumba. Mwanamke mnene alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage.

"Mama, chumba kiko?"

"Kiko. Unatoka wapi?"

"Goma."

"Mutu wa Goma akilala hapa, ana mizigo forodhani. Una mizigo?"

"Sina."

"Unangojea mutu?"

"Hapana."

Alinitazama miguu, halafu begi. "Utakaa mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Basi nitakupa cha mwisho kule," akasema, akijifuta mikono. "Vya mbele ni vya wenye kujua siku yao."

Nikapokea ufunguo.