Uso wa Bibi Dorcas

Ndui ilipopita mtaani kwetu Holborn, ilimwachia Kezia Pummell uhai ikamchukulia macho. Alikuwa mfuaji wa lesi za mabibi wakubwa, na lesi hufuliwa kwa kuangaliwa uzi kwa uzi, basi kazi ikaishia hapo. Akabaki chumbani kwa mama yake, ameelekea ukutani, hataki kula wala kusemeshwa.

Dorcas Thirkell alikuwa mgeni mtaani. Kezia hakuwahi kumwona. Mume wa Dorcas, Amos, alichonga picha za watu kwenye mabamba ya shaba, nami nilikuwa mpiga chapa wake. Siku moja Dorcas akapanda ngazi za akina Kezia, akaingia bila hodi.

"Amka, mwanangu. Na mikono nayo imepofuka?"

"Niache, mama. Nani atampa kipofu kazi?"

"Mimi. Mabega yangu yamekwisha kwa shaba za Amos. Vaa viatu."

Akamleta karakanani, akamshikisha chuma kilichopinda chini kama mwezi mchanga, chenye meno madogo madogo. Kazi ilikuwa kukibembeza juu ya shaba, kwenda na kukatiza, mpaka bamba zima likwaruze kidoleni kama ulimi wa paka. Bamba hilo ukilichapa vivyo hivyo, karatasi hutoka nyeusi tititi. Ndipo Amos hulikwangua: anapolainisha, mwanga huingia, na uso wa mtu hutokeza gizani.

Mabamba ya mwanzo Kezia aliyaharibu. Amos akaguna.

"Wewe ulipoanza uliharibu mangapi?" Dorcas akamkaripia. "Kunywa bia yako unyamaze."

Mikono ya Kezia ikazoea. Akaanza kuimba akibembeza chuma, nami nikaanza kuchelewa kurudi kwangu. Tukaoana.

Miaka ikapita. Amos akamchonga mkewe, kwenye bamba alilolitayarisha Kezia. Kabla sijalipaka wino, Dorcas akamshika Kezia mkono.

"Haya, na wewe unione. Miaka yote hii hujui hata sura ya mtu anayekusumbua!"

Vidole vikapita taratibu juu ya shaba: paji laini, mashavu laini, kivuli kikikwaruza chini ya kidevu. Vikatua mdomoni.

"Unacheka," Kezia akasema.

"Nacheka nini! Nilinuna mpaka taya zikaniuma."

"Unacheka, mama." Machozi yakamtoka. "Ahsante. Sijawahi kukwambia."

"Utanilowesha uso, mtoto wewe," Dorcas akasema, akalifuta bamba kwa ncha ya aproni.

Chapa ya kwanza tulipewa sisi. Imetundikwa juu ya kitanda chetu. Wageni huuliza kipofu ana haja gani na picha, naye huwajibu kwamba mumewe ana macho, mradi ayatumie. Nayatumia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, humwamkia Bibi Dorcas pale ukutani. Bila yeye nisingekuwa na mke, wala hawa binti watatu wanaogombania mkate hapa mezani.