Siku Migebuka Yangu Ilipogeuka Chuma

Najua mkinipita hapa Mazwi bado mnacheka, na mimi nikikumbuka masikio yanapata moto, kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kabla Mama Adela hajaongeza chumvi zake.

Nimeishia darasa la nne, nimezika mume, nimepona ajali ya lori iliyoua wenzangu, lakini hakuna kilichonitoa jasho kama wakwe wa Resta. Binti yangu alichumbiwa na Lusajo, kijana wa Mbeya aliyeajiriwa hapa mjini Sumbawanga, na Jumapili hiyo wazazi wake walikuja kula na kupanga siku ya mahari. Kaka yangu Deo (huyo wa kwanza kulaumiwa), dereva wa malori ya mpakani Kasesya, akaniletea chupa mbili za divai nyekundu ya Ufaransa. Nikamuuliza inaendana na chakula gani.

"Dada, divai haichagui. Wewe mimina tu."

Mama Adela, jirani yangu (wa pili huyo), akanishauri kwamba nyama ya ng'ombe kila mtu anapika, wageni wa heshima huwekewa samaki wa ziwani. Nyama ilikuwa imeshaiva, nikaiacha jikoni kwa vijana, nikakaanga migebuka ya Kasanga yenye mafuta yake, nikatenga na ugali wa ulezi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Baba Lusajo kala samaki, kasifu. Kanywa divai, kala tena, taya likasimama. Akamtazama mkewe, naye taya limesimama (nikadhani mwiba).

"Mkwe," Mama Lusajo akasema taratibu, "samahani, hawa samaki umewakaanga kwenye nini?"

"Karai langu la siku zote."

"Halina kutu?"

Nikaonja wangu, mimi niliyekuwa nakunywa soda, sikusikia kitu. Basi kwa akili zangu nikawaambia washushie na divai, na kila wakishushia nyuso zinazidi kukunjamana, Baba Lusajo akasema ni kama amebana misumari mdomoni. Nikaona nilete karai lenyewe wajionee, nikalileta mbio, jeusi kwa masizi, mafuta yakamwagika kwenye kitenge kipya cha Mama Lusajo.

Shangazi wa kijana akafuta midomo. "Nilisema mimi, Sumbawanga usile kila unachopewa."

(Mnajua tunavyosemwa huko nje, eti wachawi.) Baba Lusajo akainuka, akasema habari ya mahari tutaletewa, wakaondoka. Resta hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni naosha vyombo nikamkuta anakula ile nyama, anashushia na divai iliyobaki.

"Mama, mbona hii kitu si mbaya."

Nikaonja. Peke yake ni kali, kama zambarau ambazo hazijaiva, ulimi unakaza kana kwamba umetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikatia mdomoni nyama yenye mafuta, ukali ukalegea, ukabaki utamu na kaharufu ka moshi. Nikajaribu na maharage, sawa. Nikajaribu na mgebuka, ni kama nimelamba jembe. Nikaacha, nikarudia, jembe lile lile (nilikuwa nachunguza, Deo anyamaze).

Kesho yake nikabeba chupa ya pili, nyama na migebuka mibichi hadi kwa Lusajo walikofikia. Mama Lusajo akafungua mlango nusu.

"Nimekuja kukaanga kwenye karai lako, mkwe," nikasema. "Ukaange mwenyewe, mimi sigusi."

Akanitazama sana, akanipisha. Akakaanga, akaonja samaki, akatikisa kichwa kwamba ni mzuri. Nikammiminia. Akanywa, akatafuna, taya likasimama. Akasukutua, akarudia. Nikamsogezea nyama na divai. Akafumba macho.

"Kumbe si karai, ni chupa na samaki," akasema. "Na nyama mbona inakuwa tamu hivi? Hebu tujaribu na karanga."

Tukajaribu na karanga, tukajaribu na viazi, hadi akamwita shangazi aje aonje kabla hajasema neno lingine. Shangazi akaonja, akaomba nyama aongezewe. Siku ya mahari tukaipanga palepale jikoni, wanaume wakaitwa baadaye kuambiwa.

Kitenge nimemnunulia kingine. Ila nimeapa, chupa nisiyoijua haitafika mezani kwangu mpaka nimejifungia nayo jikoni na kila kilichoiva, hata wageni wakae barazani wakisikilizana njaa.