Ukanda wa Nyasi Kando ya Kijito

Sehemu nzuri kuliko zote katika shamba la Sekela ilikuwa ile ya chini, inayogusa kijito. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, na hata kiangazi kikikaza haukuishiwa unyevu. Mumewe, Gwakisa, alipanda viazi mviringo mpaka ukingoni kabisa. Akimaliza kupulizia dawa ya ukungu, alishuka na bomba lake mgongoni, akalisuuza palepale kijitoni, akanawa mikono, akarudi nyumbani kula. Ndivyo walivyofanya wote katika bonde lile, huko milimani juu ya jiji la Mbeya, na hakuna aliyeona ubaya.

Msimu mmoja bata wa jirani wa upande wa chini walikufa wote. Watu wakasema ni ugonjwa wa ndege. Baadaye Gwakisa naye akaanza kutetemeka mikono, halafu akavimba miguu, na mwishoni akawa hawezi kushika hata kijiko. Daktari alisema ni figo. Sekela hakubishana na daktari. Lakini tangu siku ya mazishi hakutaka tena kuona bomba la dawa likisuuzwa kwenye maji, na hakuweza kumweleza mtu sababu bila kuonekana mwendawazimu wa msiba.

Ndiyo maana Frida alipokuja, Sekela alimsikiliza kuliko wenzake. Frida alikuwa mkaguzi wa chama cha wakulima, dada mwembamba mwenye buti zilizojaa matope. Aliongea na watu baada ya ibada, nje ya kanisa. Alisema upo mpango wa hiari: mkulima anaacha ukanda wa nyasi kando ya maji, anachanganya dawa mbali, anaosha vifaa vyake kwenye shimo maalumu. Kila mwaka maji yanapimwa na shamba linakaguliwa. Likifaulu, mwenye shamba anapewa cheti na kibao cha kusimika njiani, na mnunuzi wa mjini anayetaka viazi vya mashamba ya namna hiyo atamfuata mwenyewe.

"Na nikishindwa katikati?" Sekela aliuliza.

"Unajitoa tu, mama. Hakuna anayekulazimisha. Ni hiari."

Wengi walijiunga kwa ajili ya mnunuzi. Sekela alijiunga kwa ajili ya Gwakisa, na jambo hilo alilinyamazia.

Kuiacha ile sehemu ya chini kulimuuma. Mvua za kwanza zilipoanguka, alisimama na jembe mkononi akiangalia udongo ule mweusi, akajihisi kama mtu anayemwaga unga. Lakini nyasi ziliota, zikafunga, na maji yaliyoteremka kutoka kwenye matuta yakawa yanaishia humo. Kijito kilianza kung'aa mbele ya shamba lake. Wanawake wakahamia pale kuchota, miongoni mwao Eveline, mke wa shemeji yake Isakwisa. Kibao kilipokuja, Sekela alikisimika mwenyewe. Alikuwa akikifuta vumbi kwa kanga yake kila alipopita.

Mnunuzi alikuja msimu mmoja, wa pili akachelewa, wa tatu hakuonekana. Walanguzi wakarudi na magunia yao ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, na wao hawakuuliza habari za nyasi. Mmoja baada ya mwingine, wakulima wakalima tena mpaka ukingoni. Mwisho akabaki Sekela peke yake.

Kisha binti yake Tumpe, aliyeolewa Iyunga, mjini Mbeya, akajifungua kwa upasuaji. Mtoto alipona, lakini kidonda cha mama kiligoma kufunga. Sekela alifunga mlango wake, akamwomba Isakwisa amwangalizie nyumba, akashuka mjini. Alikaa huko wiki nyingi za mvua, akifua nepi na kumkanda binti yake, mpaka Tumpe akaweza kusimama na kubeba mwanawe.

Aliporudi, alishuka shambani kabla hata ya kufungua nyumba. Nyasi hazikuwapo. Kuanzia mwisho wa matuta yake hadi kwenye maji, ardhi ilikuwa imelimwa, na viazi vilikuwa vimeshachipua, vya kijani, vyenye afya. Isakwisa alikuwa amechuchumaa katikati yake akipandishia udongo. Alipomwona, alisimama akajipangusa magoti.

"Ugonile, shemeji. Tumpe anaendeleaje?"

"Hajambo. Isakwisa, hiki ni nini?"

"Viazi."

"Naona ni viazi. Nyasi zangu ziko wapi?"

Isakwisa hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi la Gwakisa, na msimu huu mvua ilikuwa imebomoa shamba lake la mlimani, ikabakiza mawe. Aliangalia chini. "Shemeji, hapa uliacha mwenyewe. Mimi nina watoto wanaokula. Ningekufa njaa huku ardhi ya kaka yangu inaota nyasi?"

"Sikuiacha. Niliyaachia maji."

"Maji hayana ukoo," alisema Isakwisa, taratibu, kama mtu ambaye sentensi hiyo ameshaizungusha kichwani siku nyingi.

Wazee wa ukoo walikaa. Walimpa Sekela kiti kizuri, wakampa pole ya mgonjwa, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakasema kwamba mashamba ni yake alime mpaka achoke, ila sehemu isiyolimwa inarudi kwenye ukoo, na ukoo umempa Isakwisa. Sekela alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya kuacha nafasi kando ya mto ilikuwapo na mwenyekiti aliijua vizuri, lakini kabichi zake mwenyewe zilikuwa zimeinamia kijito hichohicho. Alimwambia Sekela kwamba mambo ya familia ni vizuri yakamalizwa kifamilia.

Ukaguzi ulipofika, Frida alichota maji kwenye chupa yake ndogo, kisha akayainua juu kwenye mwanga.

"Mama, ningekuwa na uwezo nisingekuondoa."

"Mimi sijavunja chochote, dada Frida."

"Najua. Lakini mpango unatazama shamba lina ukanda au halina. Hakuna mahali pa kueleza kwamba ukanda ulikuwapo ukanyang'anywa. Na yeye siwezi kumgusa, hajajiunga."

Sekela alimsaidia kung'oa kibao, kwa sababu udongo ulikuwa umekishika na Frida peke yake hakuweza. Frida akakifunga nyuma ya pikipiki, akasema ndaga, yaani asante, neno pekee la Kinyakyusa alilolijua, akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi moja Sekela alishuka na jembe akiwa amekusudia kung'oa vyote. Viazi vilikuwa vimetoa maua meupe. Alishika shina la kwanza, akavuta kidogo, udongo ukapasuka, vikaonekana viazi vidogo kama mayai ya njiwa. Alikuwa amelima maisha yake yote. Hakuwahi kung'oa kitu ambacho hakijakomaa. Alifukia tena kwa mikono, akaukanyagia udongo, akakaa chini akalia mpaka jua lilipopanda.

Isakwisa alipulizia dawa msimu ule mara nyingi, maana mvua haikukatika. Kijito kikaacha kung'aa, kikafunga utando, na wanawake wakaacha kuchota pale. Sasa wanapanda hadi chemchemi ya juu, njia yenye mteremko mkali na utelezi. Sekela anakwenda nao, polepole, magoti yakimsumbua.

Siku moja Eveline alibaki nyuma makusudi, wakawa wawili njiani na ndoo zao.

"Nilimwambia," alisema Eveline. "Nilimwambia sisi wenyewe tutachota wapi."

"Akasemaje?"

"Akasema kwanza tule."

 Sekela angeweza kukasirika, lakini alijua kwamba mwaka ule watoto wa Eveline walikuwa wameshiba. Eveline alimpokea ndoo, akaibeba mkononi, yake ikiwa kichwani, wakaendelea kuteremka kuelekea majumbani. Chini yao bondeni mashamba yote yalikuwa yamefika kwenye maji, pande zote mbili.